Vikopo Kumi na Sita vya Nkuhungu

Mimi niliishia darasa la tatu, kwetu Kondoa, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Kusoma najua. Kuandika naandika polepole, kama mtu anayechambua mchele. Ukisikia bibi wa darasa la tatu anasimulia habari za kompyuta usicheke mapema. Fika mwisho, ndipo ucheke ukitaka.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na miaka tisa kazini kwenye gesti ya Mama Yasinta, Nkuhungu. Lilipokuja soko huria, kila mwenye matofali Dodoma alijenga gesti, maana Bunge likikaa wageni hujaa mpaka wengine wanalala kwenye viti. Yetu ilikuwa na vyumba kumi na sita kwenye mstari mmoja. Fundi aliyeijenga alikuwa bahili wa saruji: vyumba viwili viwili vilichangia bafu moja nyuma, vinne vilichangia kibaraza kimoja mbele, vinane vilichangia ua mmoja na bomba moja. Wengine walimcheka. Mimi nilimshukuru, kwa sababu ubahili wake ndio ulionifundisha kazi.

Chumba namba moja kilikuwa changu. Humo nililala, humo niliweka mashuka, na ukutani humo ulitundikwa ubao wenye misumari kumi na sita ya funguo. Hakikutolewa kwa mgeni yeyote. Alishawahi kuja mkubwa wa wizara saa kumi na mbili jioni, gesti imejaa, akaniambia nimpishe yeye. Nikamwambia, "Baba, ukilala wewe humu, ubao nitautundika wapi? Na asubuhi nani atajua yupi yuko wapi?" Akaenda zake Miyuji.

Funguo zangu nilizifunga kwa uzi. Namba tatu na namba nne ni pacha, wanachangia bafu. Zikiwa wazi zote mbili, nazifunga kwa uzi mwekundu. Pacha hao na pacha wa jirani wa kibaraza kimoja wakiwa wazi wote, nawafunga kwa kitambaa, unakuwa mtita wa vinne. Mitita miwili ya ua mmoja naifunga kwa kamba ya katani. Namba nne na namba tano je? Hao ni majirani tu, hawana bafu moja wala kibaraza kimoja. Hata wakiwa wazi wote wawili siwafungi pamoja.

Mgeni mmoja akija, natafuta kwanza ufunguo ulio peke yake. Nikiukosa, ndipo nafungua pacha. Nikikosa pacha, ndipo nafungua mtita wa vinne. Kubwa halivunjwi wakati dogo lipo. Wasichana wengi waliokuja kunisaidia walishindwa hapo: anafika mgeni mmoja na begi lake, wao wanavunja mtita wa vinane kwa sababu uko karibu na mkono. Jioni wanakuja watu wanne wa ofisi moja wanataka kibaraza kimoja, unakuta vyumba saba viko wazi lakini vimetawanyika kama kuku wa kienyeji.

Tena chini ya kila msumari nilipigilia kikopo kitupu cha nyanya. Ndani ya kikopo naweka idadi ya watu waliomo chumbani. Nilianza na karanga, lakini Mama Yasinta kila akipita anatafuna mbili, wageni wakawa wanaondoka kwenye ubao huku wenyewe wamelala. Nikahamia kwenye kokoto. Kokoto haina mlaji.

Sasa nimseme mjukuu wangu. Mwamvua nilimlea tangu ana miaka minne, na hesabu za darasa la tano alizifanyia kwenye vikopo hivyo. Akasoma, akasoma tena, wakampeleka chuo Dar es Salaam kujifunza kompyuta. Mwezi wa sita wa mwaka huo, baridi ya Dodoma imepamba na upepo unapeperusha mashuka, alishuka kwenye basi amekumbatia mashine kifuani kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ya mtumba. Wakati huo kila kitu kilikuwa cha mtumba, hata kompyuta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Huyo ndiye mume uliyemleta?"

"Huyu huyu. Na ananitesa kama mume."

Nikamwekea meza chumba namba moja, chini ya ubao. Siku ile ile alinieleza taabu yake, tena alinieleza vizuri kwa sababu anajua sina haraka ya kuelewa.

"Bibi, ndani ya mashine mna kumbukumbu. Imegawanywa kurasa, zote zina ukubwa mmoja. Hii yangu ina kurasa elfu moja na ishirini na nne. Programu zinakuja, zinaomba kurasa, zinatumia, zinarudisha. Kazi yangu ni kuandika kiini cha mfumo, yule anayejua ukurasa upi uko wazi na upi una mtu."

"Yaani mtu wa mapokezi."

"Ndiyo."

"Na daftari lake analiweka wapi?"

"Humo humo kwenye kurasa. Zile za mwanzo hazitolewi kwa programu yoyote."

"Chumba namba moja," nikasema.

Akacheka, akageukia kioo chake.

Taabu ilikuwa hii. Kiini chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri nusu saa, dakika arobaini, halafu programu moja inaanza kusema maneno ya mwenzake. Iliyotakiwa kuandika majina inaandika hesabu, iliyotakiwa kuhesabu inatoa majina yaliyokatika, kisha mashine inaganda. Mara ya kwanza alipomwonyesha mwalimu wake iliganda dakika ya arobaini. Mwalimu akampa nafasi ya pili na ya mwisho: mashine iwashwe saa mbili asubuhi, ifanye kazi hadi saa sita mchana, na mwishoni kurasa zote zilizotolewa ziwe zimerudi. Ikishindwa, Mwamvua harudi chuoni.

Na huyo mwalimu, Mwalimu Ludovick, alikuwa anakuja Dodoma kuendesha semina ya wafanyakazi wa ofisi. Angelala kwetu. Jumamosi angekaa mbele ya mashine.

Mwamvua hakuamini kwamba kosa ni lake. Alisema ni la mashine, ni mtumba, vipande vyake vya kumbukumbu vimechoka. Kila siku alivichomoa, akavisugua meno yake ya shaba kwa raba ya shule, ile ya kufutia penseli, akavirudisha. Mashine inaganda. Anavisugua tena. Niliogopa atavimaliza.

Alhamisi, siku ya kufika mwalimu, nilirudi kutoka sokoni nikakuta ukuta wangu mweupe. Vikopo vimeng'olewa vyote. Mezani pana daftari jipya limepigwa mistari kwa rula: namba ya chumba, halafu "wazi" au "kina mtu".

"Vikopo vyangu viko wapi?"

"Uvunguni, bibi." Hakunitazama. "Mwalimu anakuja. Daftari ni safi zaidi. Akiona makopo ya nyanya na kokoto..." Akaishia hapo.

Nilielewa. Nilikuwa na la kusema, lakini mtoto aliyebakiza siku mbili za maisha yake ya shule humwongezei maneno. Nikasema, "Haya, lakini nyuzi usiziguse." Akaniachia nyuzi.

Mwalimu alifika jioni. Mtu mrefu, mpole, wa Bukoba, ana miwani iliyofungwa kwa gundi. Tukampa namba kumi na mbili. Alisifu daftari. Mwamvua akanitazama kwa jicho la pembeni.

Ijumaa asubuhi nilikuwa uani naanika. Namba sita walikuwa wamelala ndugu wawili wa Kondoa, Hamidu na Abbasi, wameleta asali mjini. Abbasi alikuwa na safari ya basi la mapema. Kwa huruma hakumwamsha kaka yake. Alimfungia mlango kwa nje asisumbuliwe, akampa Mwamvua ufunguo mapokezini, akaondoka mbio. Mwamvua akaandika "wazi".

Haikupita robo saa akaja Mama Paskazia, mpiga chapa wa Bunge, mnene wa heshima, ana sanduku la bati. Mwamvua akampa namba sita.

Mimi nilisikia kelele tu. Nilikimbia na shuka mkononi. Mama Paskazia alikuwa ameingia, pazia limefungwa, akatua sanduku lake kitandani kwa nguvu zake zote, likamwangukia Hamidu miguuni.

"Mwizi!" Mama Paskazia analia mlangoni.

"Mwizi mimi?" Hamidu amejifunga blanketi mpaka kidevuni. "Mwizi gani anaibiwa amelala? Wewe ndiye umeingia na bunduki ya bati!"

"Nimepewa ufunguo!"

"Na mimi nimepewa kitanda! Abbasi! Abbasi yuko wapi? Ameniuza?"

"Nani akununue wewe? Miguu yenyewe imenitobolea sanduku."

Wageni wa kibaraza kile wakatoka wote na miswaki midomoni. Mwalimu Ludovick naye akatokea, kidevu kimejaa povu la sabuni. Nikamwondoa Mama Paskazia kwa upole, nikampa namba nane, iliyokuwa peke yake, nikamwagizia chai. Hamidu nikamwomba radhi. Akasema amesamehe, ila sanduku lile lishitakiwe.

Niliporudi chumbani Mwamvua alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufunguo wa namba sita mkononi, hatikisiki. Nilidhani ni aibu. Nikamwambia, "Yamekwisha, mama. Hata mimi yalinipata, mwaka wangu wa kwanza. Afadhali wewe ni sanduku, mimi aliyemwangukia aliyelala alikuwa mgeni mwenyewe."

"Bibi," akasema, "ukirudishiwa ufunguo, unafanya nini kwanza?"

"Natoa kokoto moja."

"Halafu?"

"Halafu natazama ndani ya kikopo. Kama imo nyingine, ufunguo hauendi msumarini. Anawekewa aliyebaki. Kikopo kikiwa kitupu, ndipo chumba kiko wazi. Ufunguo kurudi si habari, mjukuu wangu. Habari iko kwenye kikopo."

Akakaa chini kwenye sakafu.

"Programu zangu mbili zinatumia ukurasa mmoja," alisema, kama anasema na sakafu. "Moja inamaliza, inaaga. Mimi naandika ukurasa uko wazi. Inakuja ya tatu, naipa. Inaingia na sanduku lake, inamwangushia aliyelala." Akashika kichwa. "Bibi, si mtumba. Ni mimi. Mashine nzima inafanya nilichofanya asubuhi hii."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Alijitupa uvunguni, akatoka na vikopo vyangu vimejaa vumbi na nywele zimejaa utando wa buibui, akaniuliza nyundo iko wapi. Akavipigilia vyote kumi na sita mwenyewe, kimoja alikipiga kombo na mpaka leo kiko kombo. Kisha akavuta kiti.

Siku ile hakula mpaka alasiri. Alikuwa anaupa kila ukurasa kikopo chake, ndivyo alivyoniambia: ukurasa ukichukuliwa na mmoja, anaandika moja, akiingia wa pili, anaandika mbili, mmoja akitoka, anapunguza, anatazama, ikiwa sufuri tu ndipo unarudi msumarini. Mimi nilipokea wageni, nikafunga nyuzi, nikafungua nyuzi. Tulikuwa watu wawili wa mapokezi chumba kimoja. Raba ya shule ilibaki dirishani haikuguswa tena.

Jumamosi saa mbili kamili Mwalimu Ludovick aliketi. Mwamvua alitaka kumhamishia kibarazani, mbali na ukuta, akabadili mawazo mwenyewe. "Kaa hapa hapa, mwalimu," akasema, na vikopo viko juu ya kichwa chake.

Kioo kiliandika: kurasa zilizo wazi, mia nane sabini na moja. Mwalimu akaiandika namba hiyo kwenye karatasi. Programu zikaanza kazi.

Dakika ya arobaini ilipofika Mwamvua alinishika kidole. Ikapita. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mwalimu alikuwa haoni raha. Kila mara anaandika kitu kibodini kuitafutia mashine balaa. Saa tano, wakati programu zimejaa na zinaingia na kutoka, alianzisha programu yake ya majaribio, akasema, "Sasa naomba kurasa nne zinazofuatana."

"Anaomba kibaraza kizima," nikamnong'oneza Mwamvua.

Mashine haikusita. Ikampa. Akaomba nane, ikampa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada Mwamvua, wengi wenu hapa ndipo mnapokwama. Kurasa zipo lakini zimetawanyika. Wewe umezigawa pacha kwa pacha, na zikirudi unaziunganisha na pacha wake tu, si na jirani yeyote. Hili tungefundisha mwaka wa mwisho. Umelisoma kwenye kitabu gani?"

Mwamvua akainua mkono, akaonyesha ubaoni, kwenye funguo zangu na nyuzi nyekundu, na vitambaa, na kamba ya katani.

"Nilikua chini ya ubao huu," akasema. "Sijasoma kitabu. Nyuzi ni za bibi. Nilipoandika kiini nilikuwa naziona tu."

Mimi nilikuwa nimeshika mashuka sita yaliyokunjwa. Niliyaweka chini maana mikono ilikuwa haina kazi nayo. Kumbe miaka yote nilidhani mtoto anacheza.

Mwalimu alisimama, akaja karibu na ubao. Akagusa uzi mwekundu wa pacha tatu na nne. Akachungulia kikopo cha namba kumi na mbili, akakuta kokoto yake. "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo wewe, mwalimu. Mmoja."

"Na hicho kilicho kombo?"

"Hicho ni cha jana," nikasema.

Saa sita ikafika. Mashine haikuganda. Mwamvua akasimamisha programu zake moja baada ya nyingine, na kioo kikaandika kurasa zilizo wazi. Tukainama wote watatu.

Mia nane na sabini.

Asubuhi zilikuwa mia nane sabini na moja. Umepungua mmoja.

Mwamvua alififia usoni. Mwalimu akaichukua karatasi yake, akaisoma mara ya pili, akaiweka. Masharti yalikuwa kwamba zote zirudi, na mmoja haukurudi. Nikasikia maji ya bomba la uani yakidondoka.

Mimi sijui kompyuta. Lakini ubaoni najua, funguo zikipungua simlaumu msumari, nauliza mtu. Nikasema, "Samahani mwalimu. Nani hajaondoka?"

"Bibi?"

"Chumba kimoja hakijawa wazi. Basi mtu mmoja bado yumo. Pengine yuko bafuni. Nani hajaondoka?"

Mwamvua akageuka haraka kama aliyechomwa. Vidole vikakimbia kibodini. Kioo kikatoa orodha, mstari mmoja tu. Akausoma, akamtazama mwalimu wake, na hofu yote ikamtoka usoni ikaingia kitu kingine.

"Mwalimu, ni wewe."

"Mimi?"

"Programu yako ya majaribio. Ulipoomba zile nane, saa tano, ukazirudisha, hukuisimamisha programu yenyewe. Imelala humo na ukurasa wake mmoja. Kikopo kina kokoto moja, kwa hiyo kiini kimekataa kusema uko wazi."

Mwalimu Ludovick akainama, akasoma mstari ule. Akaandika neno, akabonyeza.

Mia nane sabini na moja.

Alicheka mpaka ile miwani ikaachia gundi. "Jana Hamidu," akasema, "leo mimi! Gesti hii haitaki mtu wa kulala akasahauliwa." Akaushika mkono wa Mwamvua kwa mikono yote miwili. "Utarudi chuoni. Tena utarudi kunisaidia kuwafundisha wa mwaka wa pili, kurasa na pacha zake. Koti langu mwenyewe la kufundishia nitakuazima." Mwamvua alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikasema wacha nikaangalie chai, kumbe hakukuwa na chai. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikashangilia peke yangu, kwa sauti ya Kirangi cha kwetu Kondoa, hata Mama Paskazia akatoa kichwa dirishani kuuliza nani ameolewa.

"Mjukuu wangu!" nikamjibu.

"Na nani?"

"Na mashine ya mtumba!"

Jumapili asubuhi mwalimu aliaga. Aliweka ufunguo wa namba kumi na mbili mezani, lakini hakuondoka. Alisimama na begi begani, anasubiri. Nikaelewa. Nikaingiza vidole kwenye kikopo, nikatoa kokoto yake, nikamwonyesha kikopo kitupu. Ndipo akainamisha kichwa, akatoka kwenda zake stendi.

Namba kumi na moja ilikuwa wazi tangu jana. Nikachukua uzi mwekundu, nikazifunga pacha. Mwamvua alikuwa mezani anapakia mashine yake kwenye maboksi, nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikaa moyoni tangu Jumamosi.

"Mke mwenzangu, zile kurasa za mwanzo kule kwenye mashine, zisizotolewa hata kwa waziri. Umeziita jina gani?"

Hakuinua kichwa. "Ukitazama ndani ya programu, bibi, zimeandikwa Mwajabu."

Mwajabu ni mimi. Nilimwambia afunge boksi vizuri, barabara ya Morogoro ina mashimo.